Kamera Isiyohitaji Betri: Maoni Yetu juu ya Zana Inayoonyesha Kazi Yake

Katika miaka ya karibuni limetokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Vijana wa Ulaya, Marekani na Japani, waliozaliwa wakati kamera za kidijitali zimekwisha kuenea, wanazitafuta kamera za filamu zilizotengenezwa kabla yao, na hasa zile zinazoendeshwa kwa springi na magurudumu ya meno, zisizohitaji betri ili kupiga picha. Viwanda navyo vimesikia. Mwaka 2022 kampuni ya Leica ya Ujerumani ilianza kuitengeneza tena kamera yake ya M6, ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Mwaka 2024 Pentax ya Japani ilitoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17; na ingawa kamera hiyo ina sehemu zinazotumia umeme, mkanda wake wa filamu huvutwa kwa kidole gumba, kama ilivyokuwa zamani.

Mwanachuo anayejiandaa kwenda kufundisha Darasa la Nne au la Tano ana haki ya kuuliza: habari hizi zinanihusu nini? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba zinamhusu sana. Kinachowavuta vijana hao ndicho kinachokosekana katika vyombo vingi ambavyo watoto wetu wanavikuta leo. Kamera ya kimitambo ni chombo kinachoonyesha waziwazi namna kinavyofanya kazi, na kinachomlazimisha mtumiaji aamue mambo kabla ya kukitumia. Mwalimu asiyeutambua upungufu huo atalea wanafunzi hodari wa kubonyeza, ambao hawana habari ya kile kinachotokea baada ya kubonyeza.

Kilichomo ndani ya kamera

Kamera yoyote, iwe ya bei ghali au ya bei nafuu, ni chumba kidogo cha giza chenye mahali pamoja pa kuingizia nuru. Katika kamera ya kimitambo sehemu zake ni chache na zinahesabika. Mbele ipo lenzi, inayokusanya nuru. Ndani ya lenzi vimo vibapa vyembamba vya chuma vinavyofanya tundu, nalo hupanuliwa au kupunguzwa kwa kuzungusha pete. Nyuma ya lenzi kipo kilango ambacho mafundi hukiita shata. Nyuma kabisa hukaa filamu, yaani mkanda uliopakwa dawa inayogeuka inapopigwa na nuru.

Juu ya kamera upo mkono mdogo wa kuvutia filamu. Mkono huo ukivutwa mara moja hufanya kazi tatu: husogeza filamu kwa kiasi cha picha moja, hukaza springi ya shata, na huongeza moja katika hesabu ya picha zilizokwisha kupigwa. Kidole kinapobonyeza kitufe, springi hufunguka, na pazia la kwanza la shata hukimbia kuiachia filamu nuru. Kisha pazia la pili hulifuata na kuifunika tena. Muda unaopita kati ya pazia la kwanza na la pili ndio muda ambao filamu huona nuru. Mambo hayo ndiyo yote. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuelezwa, akaona, akasikia mlio wake, na akamweleza mwenzake.

Katika kundi hili tunapenda kuitaja Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu mwaka 1976 hadi mwaka 1997. Kamera hiyo ilipendwa sana na walimu wa upigaji picha katika nchi nyingi, wakawa wanawataka wanafunzi wao waanze nayo. Betri yake ndogo ilikuwa ya kipimamwanga tu. Betri ikifa, kamera iliendelea kupiga picha. Sababu ya walimu hao kuipenda yafaa tuizingatie. Kamera hiyo haikumfanyia mwanafunzi uamuzi wowote: upana wa tundu aliuchagua mwenyewe, muda wa shata aliuchagua mwenyewe, na umbali wa kitu anachokipiga aliupima mwenyewe. Picha ikiharibika, sababu ilikuwa moja kati ya hizo tatu, na mwanafunzi aliweza kuitafuta mpaka akaipata.

Ufichaji haukuanza na simu

Simu ya mkononi hufanya kazi kwa njia nyingine. Nuru huangukia kipande chenye vijichumba mamilioni, nayo hugeuzwa kuwa namba. Kisha programu huzichambua namba hizo, na mara nyingi huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa mfululizo kuwa picha moja, kabla mtumiaji hajaona kitu. Kazi hiyo ni ya ajabu, wala hatuidharau. Lakini hakuna dirisha ambalo mtoto anaweza kuchungulia akaiona inafanyika. Kwake yeye picha hutoka tu, kama vile maji yanavyotoka bombani kwa mtu asiyepata kuona kisima.

Hata hivyo yafaa tuwe waadilifu katika hoja. Kumficha mtumiaji kazi ya chombo si jambo lililoletwa na kompyuta. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani aliuza kamera iliyoitwa Kodak, ikiwa imekwisha kutiwa filamu ya picha 100. Mwenyewe alipozimaliza aliirudisha kamera nzima kiwandani. Huko picha zikasafishwa, filamu mpya ikatiwa, na kamera ikarudishwa kwake. Alichobakiwa nacho mtumiaji ni kuelekeza na kubonyeza. Mwaka 1900 kampuni hiyo ilitoa kamera ya sanduku iitwayo Brownie kwa bei ya dola moja, hata watoto wakaweza kuwa nayo. Mpigapicha mashuhuri wa Afrika Mashariki, Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera ya sanduku ya namna hiyo akiwa bado kijana wa shule.

Basi chombo rahisi si adui wa elimu. Kamera ya sanduku ilikuwa rahisi kutumia na pia ilikuwa rahisi kufunguliwa. Udadisi wa mtoto ulipoamka, kilikuwapo kitu cha kuujibu. Hofu yetu ni juu ya chombo kilicho rahisi kutumia lakini kimefungwa kabisa, kiasi kwamba swali la mtoto halina pa kuanzia. Mtoto akiishi na vyombo vya namna hiyo tu tangu utotoni, huzoea kwamba mambo hutokea bila sababu inayoonekana. Na mtoto aliyezoea hivyo huacha kuuliza. Mwalimu wa shule ya msingi akimpokea mtoto aliyekwisha kuacha kuuliza, kazi yake imekuwa ngumu maradufu.

Hesabu iliyomo katika kamera

Wanachuo wengi hulalamika kwamba sehemu ni mada ngumu kufundisha, maana watoto huiona kama mchezo wa kuandika namba juu na chini ya mstari. Hebu tuitazame kamera ya kimitambo. Katika gurudumu la shata zimechorwa namba 30, 60, 125, 250, 500. Kila namba ni asili ya sehemu ambayo kiasi chake ni moja: sehemu ya 30 ya sekunde, sehemu ya 60 ya sekunde, na kuendelea. Mtoto anayeshikilia kwamba 1/500 ni kubwa kuliko 1/30, kwa kuwa 500 ni kubwa kuliko 30, hawezi kuendelea kushikilia hivyo akiwa ameitazama shata. Afunguliwe kamera isiyo na filamu, aelekee dirishani, atazame kwa nyuma. Shata ikiwekwa kwenye sekunde moja, ataiona nuru ikikaa. Ikiwekwa kwenye nusu ya sekunde, itakaa kidogo. Ikiwekwa kwenye 1/500, ataona kimulimuli tu. Macho na masikio yake yatakuwa yamemfundisha kwamba asili ikikua, sehemu hupungua.

Tundu la lenzi nalo lina hesabu yake, inayowafaa wanafunzi wa madarasa ya juu na wanachuo wenyewe. Namba zake ni 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila hatua hupunguza nuru kwa nusu. Mtu hushangaa kwa nini namba kubwa ni tundu dogo. Jibu ni kwamba namba hiyo ni kigawanyo: katika lenzi ya milimita 50, namba 2 ina maana ya tundu lenye kipenyo cha milimita 25, na namba 4 ni tundu la milimita 12.5. Kipenyo kimekuwa nusu, lakini nuru imekuwa robo, kwa sababu nuru hupita katika eneo lote la duara, na kipenyo kikipungua kwa nusu eneo hupungua mara nne. Hapa kanuni ya eneo la duara, ambayo wengi huikariri kwa ajili ya mtihani, inapata kazi ya kufanya.

Tena iko kanuni ya wapigapicha wa zamani waliokuwa hawana kipimamwanga. Katika jua kali la mchana, weka tundu kwenye 16, na muda wa shata uwe moja juu ya namba ya wepesi wa filamu. Filamu ya wepesi wa 125, basi, hupigwa kwa sehemu ya 125 ya sekunde. Wingu likitanda, tundu hupanuliwa hatua moja au mbili. Kanuni hiyo inamfundisha mtu kuitazama mbingu, kukadiria, na kutoa uamuzi. Kukadiria ni stadi tunayoidharau sana madarasani mwetu, ambako jibu ama ni sahihi ama si sahihi, wala mwanafunzi haulizwi kama jibu lake linaelekea kuwa kweli.

Sanduku la tundu la sindano

Twajua kwamba shule nyingi hazina kamera ya aina yoyote. Kwa hiyo tunashauri zana ambayo kila mwanachuo anaweza kuitengeneza usiku mmoja kabla ya kipindi. Chukua sanduku la karatasi ngumu lenye urefu wa sentimita 20 hivi. Ziba mianya yote kwa karatasi nyeusi na gundi. Upande mmoja toboa tundu dogo kwa sindano. Upande unaokabili tundu kata dirisha, kisha libandike karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta ya kupikia ili ipitishe nuru. Mwanafunzi ajifunike kichwa pamoja na nyuma ya sanduku kwa kitenge kizito au blanketi, kisha aelekeze tundu kwenye mti au jengo lililopigwa na jua. Ataona mti huo kwenye karatasi, mdogo, wenye rangi zake, matawi chini na shina juu.

Hapa mwalimu anyamaze. Wengi wetu tuna desturi ya kuuliza swali na kulijibu wenyewe kabla mwanafunzi hajapumua. Swali la kwa nini mti umepinduka ni mali ya watoto, nao waachiwe walishindanie. Wapewe kamba mbili: moja ianzie kileleni mwa mti mchangani ipite katika tundu, nyingine ianzie chini ya shina ipite katika tundu hilo hilo. Wataona wenyewe kwamba kamba zinapishana tunduni, ya juu ikaenda chini na ya chini ikaenda juu. Baada ya hapo ndipo mwalimu aandike ubaoni kwamba nuru husafiri katika mstari ulionyoka. Sentensi hiyo sasa itakuwa muhtasari wa jambo lililoonwa.

Maswali mengine yatafuata kwa mpango. Tukilipanua tundu, je? Picha itang'aa zaidi lakini itakuwa na ukungu. Tukitumia sanduku refu zaidi? Picha itakuwa kubwa, na nuru yake itafifia. Tunaweza kupima urefu wa mti bila kuupanda? Tunaweza. Sanduku likiwa la sentimita 20, na mwanafunzi akisimama mita 20 kutoka kwenye mti, kila sentimita moja ya picha ni mita moja ya mti. Picha ya sentimita tatu ni mti wa mita tatu. Kipindi cha sayansi kimezaa kipindi cha uwiano, bila mwalimu kuvuta kwa nguvu.

Elimu hii haikutoka Ulaya peke yake. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kuishi Misri, aliichunguza njia ya nuru kwa majaribio ya chumba cha giza na matundu, na kitabu chake juu ya macho na nuru kilisomwa kwa karne nyingi. Majaribio hayo yamo hata katika nyumba zetu. Mtoto aliyelala mchana chini ya bati lenye matundu ya misumari ameona vidoa vya mviringo sakafuni, ingawa matundu yenyewe hayakuwa ya mviringo. Kila kidoa ni picha ya jua. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete na watu wakakusanyika Rujewa, Mkoa wa Mbeya, kulitazama, vidoa vya nuru chini ya miti iliyokuwa katika njia ya kupatwa huko viligeuka kuwa pete. Mwalimu aliyejua maana yake alikuwa na somo zima mchangani, tena somo la salama, maana mwanafunzi alilitazama jua akiwa amelipa mgongo.

Mashaka ya wenzetu

Wako watakaosema kwamba tunawarudisha watoto nyuma. Tunawajibu kwa kuwakumbusha vihesabio. Mwalimu wa Darasa la Kwanza hufundisha kujumlisha kwa visoda, vijiti na mbegu, na hakuna anayemwambia kwamba anapinga vikokotozi. Visoda hutangulia kwa sababu mtoto anaweza kuvishika na kuvisogeza. Kamera ya kimitambo na sanduku la tundu ni visoda vya somo la nuru. Mtoto aliyevitumia ataielewa simu vizuri zaidi baadaye, maana simu nayo ina lenzi, ina tundu na ina muda wa kupokea nuru. Kilichobadilika ni kile kilichokaa mahali pa filamu.

Wengine watasema kwamba filamu ni ghali, na kwamba mafundi wa kusafisha picha wamepungua. Ni kweli. Studio kama ile ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, ni za zama ambazo karibu kila picha ya harusi na ya kitambulisho ilipitia chumba cha giza. Leo shule haiwezi kujengwa juu ya matumaini hayo. Dawa za kusafishia filamu pia si za kuachwa mikononi mwa watoto. Ndiyo maana hatushauri shule inunue filamu. Somo tunalolitaka limo katika mtambo wenyewe, na mtambo huonekana vizuri zaidi kamera ikiwa tupu. Hata kamera iliyoharibika, ambayo mwenyewe ameitupa kabatini, ni zana bora. Ikifunguliwa hakuna hasara.

Wako pia wanaoisifu filamu kwa sababu ya uchache wake. Mkanda wa picha 36, husema, humfundisha mtu kufikiri kabla ya kupiga. Hapa tunakubali kwa tahadhari. Ni kweli kwamba mtu mwenye nafasi 36 huangalia zaidi kuliko mwenye nafasi zisizo na mwisho. Lakini sisi tuliozoea madarasa yenye upungufu tusiingie katika mtego wa kuusifu upungufu. Kitabu kimoja kwa watoto wanane hakijawafundisha watoto hao uangalifu. Kinachofundisha ni kuamua kwanza, kisha kutenda, kisha kulinganisha kilichotokea na kile ulichokusudia. Mwalimu anaweza kuliweka jambo hilo hata kwa simu: kila kundi liruhusiwe picha tatu tu, na kabla ya kila picha liandike linatazamia kuona nini.

Mwisho, simu ina ubora ambao kamera ya filamu haina kabisa. Hutoa jibu papo hapo. Mwanachuo anayetaka kujiona akifundisha, ajue anageukia ubao mara ngapi na anawasahau wanafunzi wa pembe ipi, hana chombo bora kuliko simu iliyowekwa nyuma ya darasa kwa idhini ya mwalimu mwenyeji. Kila zana na kazi yake.

Mapendekezo

Kwanza, kila chuo cha ualimu kitafute angalau kamera moja ya kimitambo, nzima au mbovu, kwa kuwaomba wazee na wapigapicha wa mtaani, na kiiweke katika chumba cha zana mahali ambapo mwanachuo anaweza kuigusa. Zana iliyofungiwa kabatini kwa kuogopa isivunjike imekwisha kuvunjika.

Pili, kila mwanachuo atengeneze sanduku lake la tundu la sindano kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha, na andalio lake la somo lionyeshe maswali atakayouliza na muda atakaonyamaza. Katika darasa la wanafunzi 80, masanduku kumi yanatosha kwa makundi ya watoto wanane wanane. Na masanduku hayo watoto wenyewe waweza kuyatengeneza.

Tatu, watoto waonywe, na waonywe tena, kwamba jua halitazamwi moja kwa moja kwa macho, wala kwa lenzi yoyote.

Nne, na hili ndilo kubwa, mwanachuo ajizoeze kuuliza juu ya kila chombo kinachoingia darasani mwake: mwanafunzi wangu anaweza kuona nini ndani yake? Kama jibu ni hakuna, chombo hicho kisikataliwe, bali kitafutiwe ndugu yake aliye wazi, kitangulizwe huyo, ndipo kile kilichofungwa kifuate. Kwa redio, kwa kikokotozi na kwa simu, shauri ni hilo hilo. Mwanachuo atakayekwenda kituoni na sanduku moja la karatasi, sindano moja na subira ya kungoja jibu la mtoto, atakuwa amekwenda na zana za kutosha kuanzia.